Kilima Hakikunjiki

Baiskeli ya kukunja ilibuniwa kwa ajili ya watu wanaoishi juu. Ukitazama matangazo yake utawaona: dada wa orofa ya sita asiye na mahali pa kufungia baiskeli, bwana mwenye tai anayeshuka treni na kuingia ofisini na chombo chake mkononi. Sisi wa Kikima pia tunaishi juu, ila juu yetu haina lifti. Soko letu limekaa mgongoni mwa vilima vya Mbooni, mahali ambapo karibu kila njia ni ya kushuka. Na kwa mtu anayenuia kulala kwake jioni, hiyo maana yake ni kwamba karibu kila njia ni ya kupanda.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Nyumba iko juu ya soko, shule iko chini yake, na kati ya hizo mbili kuna kilomita tatu hivi ambazo bodaboda hunitoza shilingi 50 kukiwa kukavu na 100 mawingu yakianza kukusanyika upande wa Tawa. Si mvua, mawingu. "Mwalimu, si unaona hali?" Ninaiona. Mwisho wa mwezi ninaiona vizuri zaidi.

Wazo la baiskeli si geni. Bodaboda yenyewe ilianza kwa baiskeli kule mpakani Busia, ikivusha watu na mizigo kati ya Kenya na Uganda, miaka mingi kabla serikali haijaondoa ushuru wa VAT kwenye pikipiki ndogo mwaka 2008 na nchi nzima ikaanza kunguruma. Nikamwambia mke wangu kwamba ninarudi kwenye asili. Akaniambia asili ya Busia ni tambarare.

Na kwa nini isiwe blakimamba, ile nyeusi ya Kihindi iliyosomesha nusu ya nchi hii? Kwa sababu ya stoo. Shuleni stoo ni moja, nayo imejaa magunia ya mahindi na maharagwe ya chakula cha mchana, pamoja na vitabu vya mtaala ambao haupo tena lakini hakuna aliyetia sahihi vitupwe. Kuiacha baiskeli nje wakati wa mapumziko ni kuichangia elimu ya watoto mia kadhaa. Nilihitaji kitu kitakachoingia chini ya meza yangu katika chumba cha walimu, mahali pekee shuleni ambapo hakuna anayetaka kuketi.

Mfalme wa baiskeli hizi ni Brompton ya London. Mhandisi Andrew Ritchie aliibuni miaka ya 1970 ndani ya fleti yake na kuipa jina la kanisa lililoonekana kutoka dirishani. Magurudumu ni ya inchi 16, na mwenye mazoea huikunja kabla hujamaliza kumsalimia. Nilipoigeuza bei yake mpya kuwa shilingi, nikaona kwamba kwa pesa hizo ningenunua pikipiki nzima na kuanza kuwatoza wengine hiyo 50. Tukaiacha London.

Ikabaki mitumba. Baiskeli zilizotumika hutua Mombasa ndani ya makontena kutoka Japani na Ulaya, na kutoka hapo hupanda bara zikipungua vipande njiani. Siku moja ya soko, muuzaji fulani alipanga tatu za kukunja juu ya turubai, kati ya mapazia na rundo la viatu vya mguu wa kushoto. Ya kwanza ilikuwa nyekundu, ndogo, nyepesi, ya inchi 16. Ya pili ilikuwa ya bluu iliyofifia, ya inchi 20, yenye gia sita na kibandiko cha maandishi ya Kijapani. Huko baiskeli husajiliwa kwa namba ili ikiibwa ijulikane ni ya nani. Ya tatu ilikuwa rahisi kuliko zote, na sababu niliiona nilipojaribu kuikunja: fundi mmoja huko ilikotoka alikuwa ameichomelea bawaba.

"Hiyo haikunjiki tena," muuzaji alikubali, "lakini ukiangalia vizuri unaona kabisa iliwahi kukunjika."

Nilikuwa nimejiandaa. Mfukoni nilikuwa na sumaku niliyoitoa kwenye spika ya redio iliyokufa. Sumaku ni ya kupimia fremu: ikinata ni chuma, isiponata ni aluminiamu. Aluminiamu ni nyepesi na haishiki kutu, lakini ikipasuka pale kwenye bawaba, mchomeleaji wetu wa hapa sokoni hana mashine ya kuiunga. Ataiyeyusha, kisha akupe pole. Chuma anakichomelea huku anaongea na simu. Baiskeli nyekundu ilikataa sumaku. Muuzaji akaniarifu kwamba sumaku yangu imeisha nguvu.

Fundi wa baiskeli niliyekwenda naye hakujali sumaku. Aliinama moja kwa moja kwenye matairi na kusoma zile namba ndogo za ubavuni ambazo sisi wengine huzichukulia kuwa mapambo. Inchi 16 si inchi 16, alisema. Iko ringi ya milimita 305, ile ya baiskeli za watoto, na iko ya 349, ambayo ndiyo wanayotumia hao Brompton, na tairi la moja haliingii kwenye nyingine hata ulibembeleze. Za inchi 20 nazo zina hila hiyo hiyo: 406 na 451. Nyekundu ilikuwa 349.

"Mwalimu, hii tairi likipasuka utaandika barua Ulaya."

Bluu ilikuwa 406, saizi ya BMX za watoto, ambazo maduka yetu ya spea huwekea tyubu hasa ikikaribia Desemba. "Chukua hii," fundi akasema. "Nunua gurudumu ambalo watoto wanalo." Sijapata kusikia ushauri wa ununuzi ulio bora kuliko huo, na nimehudhuria semina nyingi za Sacco.

Ulibaki uzito. Hatua chache kando, dalali wa maparachichi alikuwa ametundika mizani yake kwenye mti, nikamwomba anitundikie baiskeli. Kwa mazoea ya kazi, alisoma kilo 11. Nilipomweleza kwamba siuzi, nanunua, akasoma upya akapata 14. Muuzaji alianzia shilingi 15,000, nikaondoka na bluu kwa 9,500, pampu ikiwa ndani ya bei. Pampu haikuwa ya valvu ile, lakini hiyo ni habari ya fundi na watoto wake, ambao lazima nao wasome.

Kushuka asubuhi ni raha tupu hadi pale unapotaka kusimama. Baiskeli nyingi za mjini za Kijapani huwa na breki ya mkanda nyuma: mkanda unabana ngoma ndogo iliyo kando ya gurudumu, na vumbi likiingia katikati, ngoma hulia. Kwao Japani, ninavyoelewa, hulia kwa adabu. Kwa vumbi letu jekundu inapiga yowe. Nilipoteremka sokoni mara ya kwanza, mwenye bucha alitoka nje kuangalia ni nani anachinja bila kibali. Siku hizi akina mama wa mboga hupangia saa kwa yowe hilo. Nikipita na sukuma wiki haijafungwa mafungu, wanajua wamechelewa. Nilimuuliza fundi kama haiwezi kupakwa mafuta kidogo. "Inawezekana," alisema. "Itanyamaza, na wewe utasimamia mtoni."

Shida ya pili ilikuwa nguzo ya siti. Katika baiskeli ya kukunja nguzo hiyo ni ndefu, huteremshwa wakati wa kukunja na kupandishwa wakati wa kupanda, na kinachoishikilia ni klampu moja yenye wenzo. Klampu yangu ilikuwa imechoka. Kila tuta la barabara lilinishusha kidogo, nami nilikuwa nikitoka nyumbani mrefu na kufika shuleni magoti yakinigonga kidevu. Gredi ya Nne walilichukua jambo hili kwa uzito wa kisayansi. Tulikuwa kwenye somo la vipimo, na kabla sijajua, alama za kalamu zilikuwa zimechorwa kwenye nguzo, na kijana mmoja akisimama langoni kila asubuhi na rula kuandika mwalimu amezama sentimita ngapi. Jumatatu nilizama zaidi kuliko siku nyingine. Walijadili sana sababu, wakahitimisha kwamba ni chapati za Jumapili. Kazi ilikuwa nzuri, nikaipa alama. Kisha fundi akakata kipande cha kopo la soda, akakizungushia nguzo ndani ya klampu, na utafiti ukaisha.

Ndani ya chumba cha walimu mambo yalikwenda vyema kupita kiasi. Baiskeli iliingia chini ya meza kwa kipimo. Lakini mwalimu mkuu aliipenda, na ikawa kila mgeni anayefika, awe wa kutoka ofisi ya elimu au wa kuuza sare, lazima aonyeshwe. "Mwalimu, hebu mkunjie aone." Ninaacha darasa, ninakunja. "Sasa kunjua." Ninakunjua. Mgeni mmoja aliniuliza, kwa heshima zote, kama inaweza pia kuwa toroli.

Siku mwiba wa mgunga uliponitoboa, sayansi ya fundi ilithibitika: mtoto wa Gredi ya Tano alikuwa na tyubu ya 406 nyumbani, ya BMX yake, akaniazima. Aliponikabidhi aliishikilia upande mmoja kidogo. "Na ile kazi ya nyumbani, mwalimu?" Nikamwambia tyubu ni tyubu na hesabu ni hesabu. Akaiachia, lakini polepole.

Jioni sasa. Gia sita za baiskeli yangu zilipangwa na mtu ambaye kilima chake kikubwa kilikuwa daraja la reli. Gurudumu dogo nalo halisamehe: shimo ambalo blakimamba hulivuka bila habari, hili huingia na kutaka kulala humo. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili, askari wa Uingereza walipewa baiskeli za BSA za kukunja. Ziliundwa ili waruke nazo kwa parachuti, na nyingine zikavuka hadi Ufaransa katika uvamizi wa 1944. Nimeitafakari sana historia hiyo nikiwa nimeinamia usukani kwenye kona ya kwanza juu ya soko. Wenzetu walipewa baiskeli ya kukunja na ndege ya kuwapandisha.

Nilijaribu kusukuma. Nilijaribu hata kuikunja na kuibeba begani, jambo ambalo lisingepaswa kumshangaza Mkamba yeyote. Babu zetu walitembea hadi pwani na pembe za ndovu mabegani. Mmisionari Krapf alipofika kwa mfanyabiashara Kivoi huko Kitui mwaka 1849, misafara hiyo ilikuwa mambo ya kawaida. Hapa kwetu mzigo si aibu. Kilichowafanya wazee waweke chini bakora zao na kutazama ni mjukuu wa watu hao kubeba kitu kilichoundwa kimbebe yeye.

Ndipo bawaba ilipoanza kujilipa. Bodaboda wa Kenya hubeba vitanda, milango, mbuzi, hata jeneza, kwa hiyo kubeba baiskeli si ajabu. Kazi ni kubeba baiskeli pamoja na mwenyewe. Ikikunjwa, inakaa kati yangu na dereva, pedeli moja ikimchokonoa. Tuliketi stejini tukazungumza kwa utu na kukubaliana nauli ya 70: shilingi 50 za Mwalimu, 20 za ubavu wa dereva. Mke wangu alifanya hesabu nyuma ya bahasha. Asubuhi ninaokoa 50, jioni ninaongeza 20, faida ni 30. Ukigawa 9,500 kwa 30 unapata siku 317, yaani zaidi ya mwaka mmoja na nusu wa shule, tyubu hazijahesabiwa, mawingu ya Tawa hayajahesabiwa. Bahasha aliibandika kwenye kabati ya vyombo. Hata hivyo ninasimama na baiskeli yangu: mtu wa milimani akiniuliza anunue ya namna gani, nitamwambia ya kukunja, ya chuma, ya 406, na asiulize inakimbia vipi bali inakaa vipi kwenye pikipiki.

Juzi jioni petroli ilimwishia dereva wangu katikati ya mlima. Nilikuwa nimeshamlipa. Akatazama chini, akatazama baiskeli, akasema, "Mwalimu, niazime." Aliikunjua upesi kuliko ninavyoikunjua mimi, akafunga chupa ya soda kwenye karia, akateremka na yowe lake kuelekea sokoni. Nikabaki nimeketi juu ya pikipiki. Haukupita muda akaja bibi mmoja na kiondo kimejaa, akakipakata, akaanza kujipandisha nyuma yangu.

"Nifikishe kanisani. Ni pesa ngapi?"

"Susu, mimi si dereva. Mwenyewe ameenda kutafuta petroli."

"Ameenda na nini?"

"Na baiskeli."

"Ya nani?"

"Yangu."

Aliiangalia pikipiki, akaniangalia mimi, akasikiliza ile breki huko bondeni.

"Kwa hiyo chako kinatembea, chake hakitembei."

"Ndiyo, susu."

"Na aliyelipa nauli ni nani?"