Tahadhari kwa Msomaji wa Komiki za Kugeuka

Umehamia mtaa wa Mowlem, Nairobi, na kijana wa ploti amekutumia komiki kwa WhatsApp: keshia wa supamaketi hugeuka fisi kila giza likiingia. Ukacheka, ukaomba sehemu ya pili. Umekwisha. Fuata haya ili hasara iwe ndogo.

Usiseme kugeuka ni mambo ya wazungu. Lwanda Magere wa Waluo alikuwa na mwili wa jiwe na uhai wake ulikuwa kivulini. Kivuli kilipochomwa mkuki, akafa akawa jiwe. Miaka ya 1980, mfululizo wa Pichadithi wa mchoraji Terry Hirst ulikuwa ukiuza hadithi kama hizo kwa picha. Ukibisha, shosho wa chumba cha pili atakusimulia zimwi lililojigeuza kijana mtanashati, mdomo wa pili likauficha kisogoni. Ugali wako utapoa.

Jihadhari na kisanduku cha katikati. Mtu na fisi, yeyote atawachora. Fundi huchora nusu: mkono umeshaota manyoya, saa bado imefungwa, na ukucha unahangaika kubonyeza PIN ya M-Pesa. Ukijikuta unakuza picha uone ukucha ulipoanzia, zima simu.

Usiulize habari za suruali. Hulk wa komiki za Kimarekani anavimba tangu 1962, shati linararuka, suruali inasalia na heshima zake. Nyamaza, usome.

Pima kanuni za ugenini kabla ya kuziiga. Ranma, shujaa aliyebuniwa na Rumiko Takahashi wa Japani mwaka 1987, akimwagiwa maji baridi huwa msichana. Ya moto humrudisha. Huku maji yanakuja kwa zamu, angekwama hivyo mpaka muuza maji ya mitungi apite. Ukitaka kuchora yako, mgeuze mtu stima ikipotea. Hutakosa vipindi.

Usingoje mabawa. Komiki ya Shujaaz ilipoanza 2010, ikigawiwa bure kwa Sheng, mhusika wake Boyie alikuwa kijana asiye na kazi ambaye hewani redioni huwa DJ B, na mtaa haujui ni yeye. Hakuota hata unyoya. Kule Hulk akigeuka anapata nguvu. Kwetu anayegeuka anapata siri ya kulinda: kivuli, kisogo, kwato za punda chini ya buibui la jini wa Pwani. Na anayeishi ploti yenye kuta nyembamba anaijua kazi ya kulinda siri. Ndiyo maana komiki hizi zinatushika.

Lipa. Mchoraji wa kujitegemea huchora usiku baada ya kibarua, huchapisha nakala chache kwenye saiba, akabeba mkoba hadi maonyesho ya komiki ya NAICCON. Usimwambie, “Nirushie tu PDF, buda, nitakutoa mwisho wa mwezi.” Atakurushia. Kisha sehemu inayofuata itakuwa na mhusika mpya anayegeuka kupe, na mtaa mzima utaitambua sura yako.