Natafuta Mawe, Sitafuti Dhahabu

Ukitaka heshima hapa Kasese, tafuta kitu kinachouzwa. Tafuta kahawa, tafuta chokaa ya Muhokya, tafuta hata mbuzi aliyekata kamba. Watu watakuelekeza na mmoja atakusindikiza mpaka mlangoni. Lakini sema unatafuta jiwe kwa kuwa ni zuri tu, ulioshe, ulibandikie kikaratasi na uliweke rafuni. Utatazamwa kwa huruma. Halafu utashukiwa.

Mimi ni mtu wa mawe. Nyumbani wamekwisha kuzoea, ila jirani bado anauliza nitajenga lini.

Kinachonikera si kubeba mawe. Kinachonikera ni kujua yanapatikana wapi. Jiwe lisilo na kikaratasi cha mahali lilikotoka ni kokoto, hata ling'ae vipi. Na mahali penyewe, kwa nchi hii, pamefichwa na watu wawili: aliyeandika zamani na anayeishi pale sasa.

Tuanze na aliyeandika. Idara ya jiolojia ya Entebbe ilianzishwa mwaka 1919, na wanajiolojia wake wa mwanzo, kina Wayland na Combe, walitembea nchi hii kwa miguu, wapagazi nyuma yao. Walichoandika kinasomeka vizuri mpaka ufike kwenye maelekezo. Hapo unaambiwa uhesabu maili kutoka kambi fulani, ufuate njia ya miguu, uvuke kijito. Kambi imeoza, njia imelimwa mihogo, na kijito kimehama baada ya mafuriko. Wenyewe wamekwisha kulipwa: kuna madini yanaitwa weilandaiti, yaliyopatikana Busiro, na mengine yanaitwa kombeiti, yaliyopatikana ng'ambo ya mpaka, Kongo, mlima Shaheru, ubavuni mwa Nyiragongo. Wao wamepewa madini yenye majina yao. Mimi sijapewa hata maelekezo.

Na hata pale mahali panapojulikana, nuksi haikosi. Ukivuka mfereji wa Kazinga ukaingia Bunyaruguru, kuna shimo la volkano liitwalo Mafuru. Wataalamu wa mawe dunia nzima wanalijua. Mwaka 1942 Mwingereza Arthur Holmes na wenzake walitangaza kwamba ndani ya lava ya hapo wamepata madini mapya, wakayaita kalsilaiti. Miamba ya huko nayo ikapewa majina yake: katungaiti, mafuraiti na, kwa heshima ya taifa, ugandaiti. Mtu mzima nikafunga safari, nikapanda, nikashuka, nikavunja kipande nje ya mipaka ya hifadhi, nikakitazama kwa lenzi. Kijivu. Nikakigeuza. Kijivu. Kalsilaiti ile haionekani kwa jicho. Inataka hadubini na jiwe lililosagwa jembamba mpaka mwanga upite. Ndilo jiwe letu maarufu kuliko yote, na ukimwonyesha mgeni atafikiri umeokota kifusi barabarani.

Sasa anayeishi pale. Chukua Kilembe, ambako hakuna mtoto asiyeijua shaba. Mgodi ulianza kuzalisha mwaka 1956, mwaka ambao reli nayo ilifika Kasese, na shaba ikawa inapakiwa treni hadi Jinja kwenda kuyeyushwa. Ulipofika 1982 mambo yalikuwa yamekwisha. Wakusanyaji wa Ulaya wanaandika "Kilembe, Uganda" kwenye vikaratasi vyao, wanaweka nukta, wanalala. Kilembe ipi? Kilembe ni bonde zima! Ni Bulembia? Ni juu Kyanjuki? Ni ndani ya mgodi, na kama ni ndani, ngazi ya ngapi? Au ni kwenye mchanga uliomwagwa kando ya mto? Swali dogo kama hilo nikaliuliza kwenye geti moja, nikaombwa barua. Nikaleta barua. Nikaombwa barua ya aliyeniandikia barua.

Tatizo ni kwamba wawekezaji waliokuja 2013 walinyang'anywa mkataba 2017, na tangu hapo kila mwenye mkoba na kofia anadhaniwa ndiye mwekezaji mpya. Kijana wa bodaboda alinipandishia bei nikiwa bado sijakaa. "Mzee, wewe ni wa kampuni gani?" Nikamwambia sina kampuni, naokota mawe ya kuweka nyumbani. Akacheka, akaniambia hata wale wengine walikuwa wanasema hivyohivyo.

Niseme haki: mzee mmoja aliyefanya kazi chini ya ardhi enzi hizo alinipokea vizuri. Alinikalisha, akaingia ndani, akatoka na kitu kimefungwa kwenye kipande cha shuka. Kibonge cha ukubwa wa ngumi, kizito kuliko unavyotazamia mkono ukikipokea. Upande uliovunjika ulikuwa wa njano ya shaba nyeupe, na juu ya njano ile umetandazwa utando wa zambarau na buluu, ule unaokuja madini ya shaba na salfa yakishakaa hewani muda mrefu. Pembeni, kwenye ufa, kijani cha malakaiti, chembamba, kama kimepakwa kwa ukucha. Nikasahau hata kunywa chai. Nikamuuliza, mzee wangu, hili lilitoka sehemu gani hasa? Akanyoosha mkono, akazungusha mlima wote kuanzia kushoto hadi kulia, akasema, "Humo."

Ningeweza kujifariji na mahali palipokuwa karibu zaidi, hapa chini mjini. Palikuwa na lundo la pairiti lenye kobalti, masalia ya Kilembe, zaidi ya tani milioni moja, limekaa wazi, mvua ikilimomonyoa kuelekea Hifadhi ya Queen Elizabeth na kuunguza majani kila lilikopita. Kutoka 1999 kiwanda kikaanza kulishughulikia, na kazi kubwa wakapewa bakteria: walitiwa kwenye matangi pamoja na pairiti, wakashambulia chuma na salfa, kobalti ikaachiliwa. Kwa mazingira lilikuwa jambo jema, sibishi. Lakini fikiria uchungu wangu. Eneo langu la karibu kuliko yote limeliwa na vijidudu, tena vyenyewe viliingia getini bila barua.

Na mto Nyamwamba usiniambie. Mafuriko ya Mei 2013 na Mei 2020 yalichukua watu na nyumba, na mwaka 2020 yakaingia mpaka hospitali ya Kilembe, kwa hiyo siufanyii mzaha. Nasema tu kwamba mawe yaliyojaa pale daraja hadi daraja yametoka mlimani, na mto hauandiki vikaratasi.

Basi nikahamia kwenye chumvi. Ziwa Katwe halifichiki. Liko ndani ya shimo la volkano, wachimbaji wamo humo ndani ya maji makali, mashamba ya chumvi yamegawanywa na kurithiwa, na jengo la kiwanda ambacho mabomba yake yaliliwa na maji ya ziwa lenyewe bado limesimama kwa ukaidi. Chini ya ziwa kuna tabaka la chumvi ya mawe, na ndani yake si chumvi ya kawaida tu: kuna trona, ambayo ni magadi, kuna hanksaiti, kuna bukeaiti. Bukeaiti! Yenye sulfati na kaboneti pamoja. Watu huisoma kwenye ziwa kavu la Searles huko California, na sisi tunalambisha ng'ombe.

Nilinunua bonge moja kwa mchimbaji, kwa bei ya chumvi ya mifugo, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nikawa na mahali kamili: ziwa gani, upande gani, lilichimbwa siku gani. Nikaandika kikaratasi kwa mwandiko wa sherehe. Nikaliweka rafuni, mbali na unyevu. Jumamosi mama mkwe akatutembelea. Mama mkwe ni mtu anayejua kwamba maharagwe hulainika kwa magadi, na akiona magadi hahitaji kuyasomea. Tulikula maharagwe laini kupita yote niliyowahi kula. Kikaratasi kilikuwa kimekunjwa vizuri chini ya kibatari. Ungesema nini wewe, mbele ya mama mkwe? Nikasema, mama, asante, yameiva.

Rafiki mmoja aliponiona nimenyong'onyea akanishauri niende Bwera. Mpakani kila kitu kipo, alisema, na kweli siku ya soko pale Mpondwe utapata samaki, vitenge, ndizi, na chumvi hiyohiyo ya Katwe ikivuka kwenda Kasindi. Kwa mawe, tatizo ni nyundo. Baada ya waasi kushambulia shule Mpondwe Juni 2023, siwezi kumlaumu mtu wa usalama anayetaka kujua mgeni mwenye nyundo anapanda kilima kufanya nini. Lakini hebu jaribu kumjibu "kutazama tu". Mwenyekiti wa kijiji (LC1) alisimama upande wangu, akaeleza kwamba mwalimu huyu hana neno, ni mgonjwa kidogo. Mimi si mwalimu, lakini sikutaka kuharibu utetezi.

Sokoni mama mmoja wa ng'ambo akanivuta pembeni. "Papa, kuja hapa." Akafungua karatasi. Vijiwe vya mchemraba, vya njano, vinang'aa. "Dhahabu ya kweli-kweli." Mimi hutembea na kipande cha kigae mfukoni, upande usio na rangi. Nikakisugua kwa jiwe, mstari ukatoka mweusi. Dhahabu ingeacha njano. Nikamwambia kwa heshima, mama, hii ni pairiti. Hakutikisika hata kidogo. "Sawa, papa. Basi utoe bei ya pairiti."

Nilitaka kutoa, kwa kweli. Michemraba ile ilikuwa imenyooka kingo zote. Nikauliza kwanza imetoka wapi, naye akaniambia imetoka mbali. Nikauliza mbali wapi. Akasema, "Papa, ukijua wapi, utakuja tena kwangu kufanya nini?" Nikarudisha karatasi yake.

Kuhusu sheria, nilikwenda pia ofisi moja nikiwa na Katiba mkononi. Ibara ya 244 inaweka madini yote chini ya serikali kwa niaba ya nchi. Nikauliza kama jiwe la ukubwa wa yai lililookotwa kando ya barabara nalo ni la taifa. Ofisa alifikiri, akaligeuzageuza jiwe langu la mfano, akasema inategemea. Inategemea nini? Nirudi Jumatatu. Jiwe la mfano lilibaki mezani kwake, linazuia karatasi zisipeperuke.

Sasa habari zimeenea kwamba kuna mtu Kasese ananunua mawe, na yule kijana wa bodaboda amejiteua wakala. Analeta. Ameleta kipande cha zege cha daraja lililobomoka. Ameleta kigae cha choo. Ameleta kioo cha chupa kilicholainishwa na mto, akiapa ni yakuti. Wiki jana akaleta malakaiti: bonge la kijani lenye pete za kijani kilichokolea, sijapata kuona jingine la namna hiyo katika wilaya hii, na bibi yake alikuwa akilizuilia mlango usijifunge. Nilimpa alichotaka bila kupatana. Nikachukua kalamu na kikaratasi, nikamuuliza bibi alilitoa wapi.

"Hilo tena ni jambo lingine, mzee," akasema, akiwasha pikipiki. "Hilo bei yake ni mafuta ya kwenda na kurudi, na utakaa nyuma umefumba macho."