Kurasa Kwenye Kamba ya Nguo

Mtu aandikaye habari za nyumba yake haogopi watu wa mbali. Anamwogopa mavyaa, wifi na jirani wa mlango wa pili. Kwa hofu hiyo niliandika muda mrefu, usiku, wote wakishalala, katika kaunta buku niliyoificha ndani ya sanduku juu ya kabati, hapa kwetu Ntinda. Nyumba nzima ilijua kwamba naandika, ila hakuna aliyejua naandika nini.

Nilikuwa nikiandika jinsi nilivyoletwa kutoka Mombasa nikiwa bibi harusi, hodari wa wali wa nazi, mavyaa akanikabidhi mkungu wa matoke. Niliandika namna ya kumenya ndizi, kuzifunga katika majani ya mgomba yaliyobabuliwa motoni, kulilaza furushi juu ya vikonyo ili maji ya sufuria yasilifikie, kulitoa na kulikandamiza kwa viganja lingali linafuka mvuke, kisha kulirudisha jikoni liive taratibu. Mavyaa alinisimamia mwanzo hadi mwisho bila kusema neno. Kimya chake ndicho kilichojaza kurasa nyingi, maana nilikichukua kuwa hukumu.

Kisha likazuka la maji. Yalikatika mchana kutwa, na yaliporudi usiku wa manane boya la tangi lilikuwa limekwama. Tangi likafurika, maji yakateremka darini yakitafuta upenyo, yakaupata juu ya kabati langu. Aliyetuamsha ni mwanangu mdogo, akilia kwamba mvua inanyesha chumbani. Mume wangu akapanda ngazi, tochi mdomoni, kwenda kufunga maji. Mimi nikalivuta sanduku. Gauni la harusi, vyeti vya kuzaliwa vya watoto na ile kaunta buku, vyote vilikuwa chapachapa.

Asubuhi binti yangu mkubwa akachukua wembe, akakata uzi wa buku, akazitenga kurasa mojamoja na kuzibana kwa vibanio kwenye kamba ya uani. Na uani kwetu ni pa wapangaji wote: kamba ni moja, na karo ya kufulia ni moja. Wino wa bolpeni una mafuta, maji hayauyeyushi upesi, kwa hiyo maandishi yalikuwa yanasomeka vizuri. Nilirudi kununua mkaa nikayakuta maisha yangu yakipepea kati ya mashuka na sare za shule.

Jirani yetu, mama mmoja wa Bunia, alikuwa amesimama pale na beseni la nguo mbichi kiunoni, anasoma. Moyo ulinienda mbio. Nikanyoosha mkono nizinyakue. Akasema, macho yake yakiwa bado kwenye karatasi: “Mama, ile ingine iko wapi? Hapa umesema jani ilipasuka. Halafu?”

Nikamtafutia. Akaimaliza, akaomba nyingine, kisha akanisimulia alivyosonga bugali mara ya kwanza mbele ya shangazi za mumewe. Nguo zake zikabaki kwenye beseni mpaka jua lilipopanda.

Mavyaa aliyaona yote hayo kutoka barazani. Akamwita mjukuu wake amsomee kwa Kiganda. Mimi nilikuwa jikoni nikipepea sigiri, kila neno likinifikia. Walipofika kwenye kile kimya, akamkatiza, akaniita.

“Mwanangu, nilinyamaza kwa sababu ulifunga sawasawa. Ningesema nini? Andika hivyo.”

Siku hiyo niliikumbuka “Jambula Tree”, hadithi ya Monica Arac de Nyeko iliyompatia Tuzo ya Caine mwaka 2007, Mganda wa kwanza kuipata. Mambo yake yanatokea katika nyumba za Nakawa, si mbali na hapa, ambako midomo ya majirani hailali, na jambo lenyewe ni zito kuliko matoke yangu. Lakini imeandikwa kama barua kwa mtu mmoja, Sanyu. Zamani nilistaajabia ujasiri wake. Safari hii niliuona ufundi: msimulizi ana mtu anayemwambia. Nami sasa nilikuwa na wangu wawili.

Jumatatu iliyofuata nikapanda taksi kupitia Bukoto hadi Kamwokya, kwenye ofisi za FEMRITE, chama cha waandishi wanawake wa Uganda kilichozinduliwa mwaka 1996, ambacho kimejijengea desturi ya watu kusomeana kazi zao jioni za Jumatatu. Kurasa zilikuwa zimekunjamana na kunuka unyevu. Sauti ilitetemeka mwanzoni. Nikamfikiria mama wa Bunia na beseni lake, ikatulia. Nilisoma kwa Kiswahili, nikaeleza kwa Kiingereza, na maswali karibu yote yalimhusu mavyaa.

Insha iliyotokana na kurasa hizo sasa imetoka, jina langu liko juu yake na maneno ya mavyaa yamo ndani. Ameweka sharti moja: kila habari inayomgusa asomewe kwanza. Hakusudii kuizuia, anataka kuisahihisha. Nimelikubali kwa moyo mmoja, maana tangu aanze kunisahihisha, maandishi yangu yana ukweli ambao peke yangu, usiku, nisingeufikia.