Tai Hana Haraka

Ukimkuta mtu Januari kando ya mto Mississippi, jimboni Minnesota, huyo ni ama mvuvi ama mpiga picha. Mwenye akili ni mvuvi: amekokota kibanda hadi juu ya barafu, ametoboa shimo, amewasha jiko, anakunywa kahawa. Mpiga picha yuko nje, pua inamchuruzika, anamsubiri ndege.

Mimi na shemeji yangu tulikuwa wapiga picha. Tulitoka Minneapolis alfajiri, nyuzi 22 chini ya sifuri, tukashika barabara kuu namba 61 inayoambaa mto kuelekea Wabasha. Hatujafika mbali, lori likaturushia tope la theluji na chumvi. Shemeji, aliyekuwa kwenye usukani, akabonyeza maji ya kuoshea kioo. Yakaruka, yakatua, yakaganda papo hapo. Kumbe alinunua yale ya majira ya joto, kwa sababu yalikuwa na punguzo. Tukasimama pembeni, tukakwangua kioo kwa kadi yake ya benki, na habari ya punguzo haikutajwa tena.

Mbele kidogo kuna Ziwa Pepin. Mchanga unaoletwa na mto Chippewa umeuziba Mississippi kwa chini, nao mto ukatanuka ukawa ziwa. Siku hiyo lilikuwa limeganda, na pikapu zimeegeshwa katikati yake. Shemeji amezaliwa Ukerewe. Maji anayajua na anayaheshimu. Akapunguza mwendo, ingawa sisi tulikuwa kwenye lami.

"Shem, hawa watu wana mama zao kweli?"

Ziwa linapoishia, karibu na Reads Landing, mkondo hupata kasi na maji hukataa kuganda. Ndiyo maana tai wa kichwa cheupe hukusanyika hapo: kaskazini samaki wamefungiwa chini ya barafu, huku meza iko wazi. Tuliwakuta wamejaa mitini. Ni ndege ambao sumu ya DDT nusura iwamalize kwa kuyafanya maganda ya mayai yao kuwa membamba. Sumu hiyo ilipigwa marufuku Marekani mwaka 1972, na kufikia 2007 tai hao waliondolewa kwenye orodha ya viumbe walio hatarini.

Tatizo ni kwamba tai wa majira ya baridi hafanyi kitu. Anatunza nguvu. Anakaa tawini saa nzima, anageuza shingo, basi. Nilitaka kumpiga picha kupitia dirisha la gari, lakini shemeji alikataa kuzima hita, na hewa ya moto ikikutana na ya baridi kila kitu mbele ya lenzi hutetemeka. Nikashuka. Betri iliyotoka nyumbani imejaa ikakata, maana baridi huipunguzia nguvu. Nikaitia kwapani ipate joto.

"Shem," akaita kutoka kwenye joto lake, "unaatamia? Yataanguliwa lini?"

Betri ikiwa kwapani, tai akashuka, akanyakua samaki, na kabla hajapanda juu mwenzake akamvamia na kumpora. Huyo ndiye ndege wa taifa la Marekani, aliyetambuliwa rasmi kisheria Desemba 2024. Aliyeporwa akalalamika kwa kijisauti chembamba. Shemeji akashusha kioo kusikiliza, akakipandisha kwa masikitiko. Ule mlio mkali wa kwenye filamu mara nyingi ni wa mwewe fulani mwenye mkia mwekundu, anayeazimwa sauti.

Mchana tukaingia mgahawani. Kamera iliyopoa ikiingizwa kwenye joto hutokwa jasho, kwa hiyo niliifunga kwenye mfuko wa plastiki kwanza. Mhudumu akautazama mfuko, akatuambia kwa upole kwamba chakula cha nje hakiruhusiwi.

Picha moja ilitoka vizuri: tai tawini, hafanyi kitu. Shemeji akamtumia mama yake, yaani mama mkwe wangu, kule Ukerewe, ambako furukombe wa ukoo huohuo huvua mbele ya mlango wake. Jibu likaja kwa sauti.

"Baba, huyo nimemwona. Furukombe wetu ni mweupe mpaka kifuani, na hapa kuna jua. Huyo wenu kavaa kofia tu na baridi yote hiyo. Na nyie mliomfuata huko, mmevaa nini?"