Sifa za Kalikoti

Watu wa Lamu na Pate wanamnasibishia Fumo Liyongo utumbuizo wa kuusifu uta wake, wala sijasikia aliyemwuliza ni kwa nini kijiti kilichopindwa na ugwe vistahili taadhima yote ile. Kwa hiyo nami sitaomba radhi nikiketi hapa Kisangani, karibu na mto, kueneza kwa nathari sifa za kitambaa cheupe cha mita 6, kilichofungwa kwa kamba ya nailoni baina ya mchikichi mmoja uliochoka na nguzo moja isiyo na taa, na kuandikwa kwa rangi nyekundu na buluu kwamba chuo chetu kinaandikisha wanafunzi. Wenyeji wanakiita kalikoti. Nimeitumikia kalikoti miaka mingi katika aparitora, yaani afisi inayopokea mafaili ya wanafunzi wapya, na haukupita mwaka ambao haikunitia matatani; lakini wakubwa wangu pia wamenitia matatani, na wao husifiwa kila sherehe.

Desturi ya sifa ni kuanza na nasaba. Jina la kalikoti limekuja kwetu kwa ulimi wa Kifaransa, lakini asili yake ni Kalikuti, bandari ya Malabar huko Bara Hindi, ile ile ambayo Vasco da Gama aliitamani mwaka 1498 hata akaomba rubani Malindi wa kumfikisha. Jamaa zake, merikani na kaniki na bafta, walipanda mabegani mwa wapagazi kutoka Bagamoyo, wakapita Tabora na Ujiji, wakavuka ziwa mpaka Kasongo na Nyangwe, kisha wakashuka na Lualaba hadi kwenye maporomoko yetu haya, ambako Hamed bin Muhammed el-Murjebi, ndiye Tippu Tip, alifanywa gavana mwaka 1887 kwa jina la mfalme Leopold. Nguo wakati ule ilikuwa ndiyo fedha: ilipimwa kwa mkono, ikatoa pembe za ndovu na chakula, na, kwa fedheha ya waliokuwa wakiipima, ikatoa hata watu. Sisemi haya kwa kuifakhirisha. Nataka tu msomaji ajue kwamba kitambaa kinachompiga usoni mwendesha baiskeli katika mtaa wa Makiso kilifika mji huu kabla ya profesa wa kwanza.

Na zamani maprofesa hawakukihitaji. Nchi ilipopata uhuru mwaka 1960, Wakongo waliohitimu chuo kikuu walikuwa hawajafika 30. Palikuwapo chuo cha Lovanium cha mwaka 1954 na chuo cha Elisabethville cha mwaka 1956, na Waprotestanti walipofungua hapa Université Libre du Congo mwaka 1963, mji ukiitwa bado Stanleyville, aliyekuwa na diploma hakungoja kuitwa. Mwaka 1971 serikali ikavikusanya vyote vitatu katika UNAZA, yaani Chuo Kikuu cha Taifa cha Zaire, mwaka 1981 ikavitenga tena, na cha hapa kikawa UNIKIS, Chuo Kikuu cha Kisangani. Kisha, tangu mwisho wa miaka ya 1980, ruhusa ikatolewa kwa vyuo vya watu binafsi, navyo vikaota kama uyoga baada ya mvua, kimoja nyuma ya kanisa, kingine juu ya duka la saruji. Na kwa kuwa ruzuku ya serikali ni haba na minervali, yaani ada ya mwanafunzi, ndiyo inayoweka unga katika nyumba ya mwalimu, wenye elimu waliokuwa wakitafutwa wakageuka watafutaji. Hapo ndipo kalikoti ilipopata kazi ya serikali na ya binafsi kwa pamoja, bila barua ya ajira wala mshahara.

Msimu wake hufunguliwa na poda. Matokeo ya mtihani wa Leta, yaani wa serikali, yakitoka, finalisti aliyepata asilimia 50 au zaidi humwagiwa poda nyeupe kichwani na usoni, akazungushwa mtaani na ndugu zake wakiimba. Na kabla poda haijanawiwa, usiku ule ule, watu wa vyuo wako juu ya ngazi na kamba mdomoni. Asubuhi kijana wa Mangobo anaamka na kuona kwamba barabara yote inamwita: uganga, sheria, uchumi, informatiki, na kitivo kimoja ambacho jina lake refu halikuenea kitambaani, ikabidi limalizikie katika nukta tatu.

Laiti ungemwona fundi anavyoiandika. Huitandika sakafuni, akaikanyagia mawe manne pembeni, akapiga mistari kwa penseli na ubao, kisha akaanza kwa ukarimu wa sultani: herufi ya I pana kama mlango, N pana, S ya kujivuna, afikapo katikati hutambua kwamba neno *inscriptions* lina herufi nyingi kuliko alivyodhania, basi huanza kubana, na S ya mwisho husimama pembezoni, nyembamba, kama abiria wa mwisho katika mtumbwi. Akimaliza hutwaa mkasi, akakata matobo ya nusu mwezi ili upepo upate njia, na aghalabu tobo moja huangukia juu ya jina la mkuu wa chuo. Mwaka wa masomo hauandikwi juu ya kitambaa chenyewe, kwani uongozi ni wa watu wenye uchumi: hushonwa kiraka, na mwaka unaofuata kiraka juu ya kiraka, hata kalikoti yetu ya zamani, ukiishika mahali pale, ni nene kama kanzu ya fakiri, na ndani yake imo miaka saba ya masomo ambayo mingine haikuanza kwa wakati.

Wapo waungwana wanaoidharau, wakidai kwamba simu imeishinda. Sibishani nao sana. Nauliza tu simu hiyo inakula nini umeme wa Tshopo ukikatika siku tatu, na ni nani atakayemnunulia mega mzee aliyeshuka jana kwenye baleinieri, mashua ya mtoni, kutoka Isangi au Basoko na gunia la mchele, binti yake nyuma yake na diploma katika mfuko wa plastiki. Mzee huyu husimama chini ya kalikoti, akasoma Kifaransa kwa sauti, silabi baada ya silabi, na wapita njia wakamsahihisha, kila mmoja kwa namna yake, mpaka pakawa na mkutano. Tangazo gani la redio limewahi kusubiri msomaji kiasi hicho?

Ni kweli kwamba ina ghadhabu zake. Mwezi mmoja wa mvua, kalikoti yetu ilikata kamba alasiri, ikaruka kama mwewe, ikamfunika mtu wa toleka, yaani teksi ya baiskeli, pamoja na baiskeli yake, gunia la makaa, na mama aliyekaa juu ya kiti cha nyuma. Nilitumwa mimi kwenda kuomba radhi. Nilimkuta yule mtu wa toleka amekwisha kujifungua kutoka katika Kitivo cha Sheria, amejaa rangi iliyokuwa haijakauka, akanitazama kwa muda mrefu, kisha akauliza kama chuo kinapokea watu wa umri wake. Namba yake ya faili niliiandika mwenyewe. Sijui afisi nyingine iliyompata mwanafunzi kwa kumwangukia.

Wanaosema kalikoti ni mwongo ndio wanaoniudhi. Hadithi yao naijua, kwa sababu ilitokea mlangoni pangu. Siku ya Jumatatu, saa nne kasoro, nilifika kazini nikamkuta baba mmoja amekaa kwenye ngazi na mwanawe, wote wawili wamevaa nguo za Jumapili. Alisimama, akanisalimu kwa heshima, akasema:

"Papa, kile kitambaa kule barabarani kinasema mlango iko wazi. Mbona hapa iko kufuli?"

Nilimweleza kwamba mwenye ufunguo amekwenda kwenye matanga. Alitikisa kichwa kwa huruma, akauliza ni lini yule marehemu alifariki. Nami, kwa kuwa nilikwisha kuutumia msiba ule ule Ijumaa, sikuwa na jibu la haraka. Sasa, kwa insafu, ni nani aliyesema uongo? Kalikoti iliahidi hadharani, juu ya vichwa vya watu wote, kwa herufi za nusu mita, na ikabaki pale pale mvua na jua, tayari kusutwa. Sisi tuliahidi kwa kupitia mgongo wake, kisha tukafunga kwa kufuli.

Nayo kalikoti ni mtumishi asiyejua kustaafu. Baada ya masomo kuanza hakuna anayekumbuka kuishusha. Itaning'inia Krismasi, itaning'inia Pasaka, buluu ikawa kijivu, nyekundu ikawa waridi, na karani wa kodi ya matangazo akapita akaihesabu tena, na kutuletea karatasi. Halafu siku moja haipo, wala hapaandikwi taarifa ya wizi.

Yetu ya mwaka juzi niliiona sokoni. Mama mmoja muuza lituma, ndizi za kupondwa, alikuwa ameitandaza juu ya vijiti vinne ili imkinge na jua, yeye na masufuria yake ya sombe na samaki, na ile S nyembamba ilikuwa imekunjamana juu ya kichwa chake. Nilipokuwa nikingoja sahani, mvulana mwenye bahasha kubwa alikuja akasoma juu, akasoma chini, akamwuliza kwa adabu:

"Mama, ni hapa wanaandikisha?"

"Ni hapa, mwanangu," alisema, akamsogezea kigoda. "Unaanza na samaki ao bila samaki?"

Kijana aliketi. Tulikula pamoja kivulini, lituma ingali na moto, na tulipomaliza mama akapokea faranga zetu na kuturudishia chenji, bila kutuomba fotokopi ya diploma.