Hekima ya Sheria na Mtoto wa Chini ya Meza
Sheria ya Afya ya Kenya ya mwaka 2017 inastahili sifa kwa kumtaka kila mwajiri atenge chumba cha kunyonyeshea, yaani mahali pasipokuwa msalani, penye jokofu, meza ndogo na viti vya starehe ambavyo viwango vyake huwekwa na Wizara, na inastahili sifa kubwa zaidi kwa kutomsumbua kwa anasa hizo mama auzaye maembe katika soko la Tawa, huko Mbooni, ambaye, kwa kuwa mwajiri wake ni yeye mwenyewe, anaweza kujiandikia barua ya maombi wakati wowote. Likizo ya uzazi, ambayo Sheria ya Ajira ya 2007 inaiweka kuwa miezi mitatu yenye mshahara kamili, nayo hanyimwi: ajilipe tu. Mtoto wake wa miaka miwili, ashindaye chini ya meza akitafuna risiti ya ushuru wa soko, hupata elimu ya fedha za umma ambayo wenzake wa Nairobi huilipia karo. Ikumbukwe pia kwamba baba aliyeajiriwa hupewa majuma mawili, muda unaotosha kabisa kuwapokea wageni wanaokuja kumpongeza kwa kazi aliyoifanya.