Namna ya Kumzuru Mbeba Machela Ukitokea Chemchem

Kwanza uwe na sababu. Sisi wa Chemchem, Tabora, tunayo: katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia mji wetu ulitekwa na jeshi la Wabelgiji tarehe 19 Septemba 1916, jeshi lililofika kwa mabega ya wapagazi wa Kongo. Jenerali wao, Charles Tombeur, alitunukiwa ubaroni wenye jina la Tabora, na Brussels akajengewa mnara. Waliobeba majeruhi kwa machela walitunukiwa malaria na kuhara.

Pili, usafiri. Zamani Mnyamwezi alitoka hapa na mzigo wa kilo 30 hivi begani, akaiona bahari baada ya miezi mitatu. Wewe panda treni, na kiti kikikuumiza, nyamaza.

Ukishuka Dar es Salaam, ulizia Sanamu ya Askari, Mtaa wa Samora. Vuka kwa uangalifu; magari yanaizunguka na madereva hawaji kuzuru. Haya, mtafute mwenyeji wako. Utamwona askari wa shaba, bunduki mkononi, singe ikielekea bandarini. Zunguka nyuma. Askari yule yule. Sasa inama. Mbeba machela yumo kwenye maandishi ya chini, kwa Kiingereza na kwa Kiswahili cha herufi za Kirumi na za Kiarabu, pamoja na wapagazi wenzake wote, wakisifiwa kuwa miguu na mikono ya jeshi. Kiwiliwili, inaelekea, fungu halikutosha.

Usinung'unike, foleni husogea. Kabla ya vita Wajerumani walimsimamisha hapo hapo gavana wao wa zamani, Hermann von Wissmann, na askari Mwafrika wakamweka chini, miguuni pa bwana. Waingereza wakamng'oa gavana 1916, na 1927 askari akapandishwa juu, kwa mkono wa mchongaji James Alexander Stevenson. Kutoka miguuni hadi kileleni, miaka michache tu! Mpagazi anakaribia kutimiza karne akiwa bado maandishi. Asiyeweza kusubiri aende Nairobi, Kenyatta Avenue: Stevenson huyo huyo alichonga watu watatu, mmoja wao mpagazi, tena mzima, ana na kichwa.

Kuhusu picha, achana na bunduki. Kila mtu anayo hiyo. Tafuta wenzako wanne wakubebe kwa machela kutoka stesheni hadi kwenye sanamu, jua la saa saba, halafu mpokezane. Kabla ya kuupita Mnara wa Saa mtakuwa hamsemezani. Na hapo hakuna anayewapiga risasi, mgonjwa ameshiba, na maji ya chupa yanauzwa kila kona.

Mkipatana, malizieni Kariakoo, Waingereza walikowaweka wapagazi wao wakati wa vita vile. Hakuna singe wala kibao cha kuinamia. Ila nyuma yako atatokea kijana, robota la mitumba kichwani, akipaza sauti apewe njia. Mpishe.